Presha tunapima, sukari tunapima, pumzi tunakisia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu, kwa heshima zote, msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba mgonjwa wa pumu hahitaji kipimo chochote kwa kuwa kifua chake mwenyewe humwambia kila kitu, na kwamba vifaa vya kupuliza ni anasa ya hospitali kubwa za mijini. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, ninaishi Muheza mkoani Tanga, na nina pumu tangu nikiwa na umri wa miaka 11. Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu niliamini kama anavyoamini yeye. Nimeandika barua hii kwa sababu uzeeni, baada ya kuanza kuandika namba daftarini, niligundua kwamba kifua changu kilikuwa kikinificha mambo.

Kwanza kuna jambo ambalo hata sisi wagonjwa hulikosea. Mtu akibanwa na pumu husema, "Siwezi kuvuta hewa." Ndivyo anavyohisi, lakini shida kubwa iko upande wa kutoa. Tunapovuta pumzi, kifua hutanuka na kuivuta mirija ya hewa ikae wazi. Tunapoitoa kwa nguvu, shinikizo la ndani ya kifua huibana mirija ile ile. Ikiwa mirija imevimba, imejaa makohozi, na misuli inayoizunguka imekaza, hewa ya kuingia hupenya kwa taabu kiasi, ila ya kutoka ndiyo inayokwama. Hewa iliyokwisha kutumika hubaki ndani, na mapafu huwa kama daladala ambayo abiria wake wamegoma kushuka: aliye kituoni hata asukume vipi, hapati pa kukanyaga. Hesabu yake nayo haina huruma. Hewa ikipita kwa utulivu katika mrija ambao kipenyo chake kimepungua kuwa nusu, ukinzani huongezeka mara 16, si mara mbili kama wanafunzi wangu walivyozoea kukisia. Ndiyo maana mtu huweza kuzorota kidogo kidogo kwa siku kadhaa bila kuhisi lolote, kisha akazidiwa usiku mmoja na watu wakasema ugonjwa umekuja ghafla.

Kifaa ninachokizungumzia ni bomba fupi la plastiki, lenye ukubwa wa kushikika kwa mkono mmoja, lililochorwa namba pembeni na lenye kishale kinachosukumwa na pumzi. Hakitumii umeme, betri wala vitendanishi. Kinapima kitu kimoja tu, nacho ni kasi ya juu kabisa ambayo hewa hutoka mapafuni mtu anapopuliza kwa nguvu zake zote, na kasi hiyo husomwa kwa lita kwa dakika. Wahudumu wengine hukiita pikifloo. Hapa kwetu nimezoea kukiita kipimapumzi. Aliyekibuni ni Mwingereza aitwaye Basil Martin Wright, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa magonjwa ya mapafu yatokanayo na vumbi huko Wales, karibu na mji wa Cardiff, mahali ambapo wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa wengi na mashine za maabara zilikuwa nzito mno kubebwa hadi walipo. Maelezo yake, aliyoyaandika pamoja na mwenzake McKerrow, yalichapishwa mwaka 1959, na katika miaka ya 1970 kikatoka kifaa kidogo na chepesi ambacho mgonjwa angeweza kukaa nacho nyumbani. Wright huyo huyo alishughulika pia na vifaa vya kupima kileo katika pumzi. Nikiwaona askari wa usalama barabarani wakimpulizisha dereva wa basi la mkoani huwa najiuliza, nikijua kwamba mambo hayo mawili hayafanani, inakuwaje pumzi ya mlevi ikapata kipimo kabla ya pumzi ya mgonjwa.

Nilikipata kifaa changu miaka sita iliyopita, nikaletewa na binti yangu kutoka Dar es Salaam. Siku za kwanza nilikitumia vibaya, na nadhani wengi wanaokidharau walikosea hapo hapo. Muuguzi mmoja kijana aliponiona nikipuliza alicheka kwa adabu, akaniambia, "Shikamoo mwalimu, lakini hapo unapiga tarumbeta." Nilikuwa nikijaza mashavu na kutema pumzi kwa ulimi, jambo linalorusha kishale juu na kutoa namba ya uongo. Alinielekeza: nisimame wima, nikirudishe kishale sifuri, nivute pumzi mpaka mwisho, nikishike kifaa bila kuziba njia ya kishale kwa kidole, nifumbe midomo kuzunguka bomba isivuje hata chembe, kisha nipulize mara moja kwa ghafla na kwa nguvu zote, kama mtu anayeondoa kitu kilichomkwama kooni. Hakuna haja ya kuendelea kupuliza hadi pumzi iishe, kwa kuwa kinachotafutwa ni ule mshindo wa mwanzo. Hufanywa mara tatu, na inayoandikwa ni namba kubwa kuliko zote tatu. Hapo nilibishana naye, maana mwalimu wa hisabati akipewa namba tatu mkono wake huenda wenyewe kwenye wastani. Akanijibu kwamba hapa hatutafuti kilicho cha kawaida, tunatafuta uwezo wa mwisho wa mapafu, na pumzi iliyopulizwa kwa uvivu haina haki ya kuushusha. Nilikubali.

Kwa wiki tatu, nikiwa sijambo na nikitumia dawa yangu ya kuzuia kila siku kama nilivyoandikiwa, nilipima asubuhi nikiamka na jioni kabla ya kula, kabla ya kuvuta dawa ya kufungua kifua. Namba kubwa niliyopata ilikuwa 360. Hiyo ndiyo namba yangu, na ningependa kila mwenye pumu aijue yake kama anavyoijua tarehe yake ya kuzaliwa. Zipo jedwali zinazoonyesha mtu wa urefu fulani, umri fulani na jinsia fulani atarajiwe kupuliza kiasi gani. Mwanamume mtu mzima mwenye afya huweza kufika 500 hadi 600 na zaidi, mwanamke kwa kawaida huwa chini yake, na mtoto mwenye urefu wa sentimeta 120 huwa karibu na 200. Jedwali hizo husaidia pale tu mtu asipokuwa na kumbukumbu yoyote. Mtu aliyekwisha kuipata namba yake bora hujilinganisha na nafsi yake, na mchezaji mpira wa jirani hamhusu.

Kutokana na namba hiyo bora hupatikana ngazi tatu, ambazo wengi huzipaka rangi za taa za barabarani. Kuanzia asilimia 80 ya namba bora kwenda juu ni kijani, na kwangu mimi ina maana ya 288 na zaidi. Kati ya asilimia 50 na 80 ni njano, ambapo mgonjwa hufuata maelekezo aliyopewa na tabibu wake ya nini cha kuongeza na lini arudi kliniki. Chini ya asilimia 50, yaani chini ya 180 kwangu, ni nyekundu. Hapo mgonjwa huvuta dawa ya kufungua kifua na kwenda hospitali bila kungoja kupambazuke. Ngazi hizi hazina faida pasipo maelekezo yaliyoandikwa na mtaalamu anayemfahamu mgonjwa, na mimi ya kwangu nimeyabandika ndani ya mlango wa kabati.

Msomaji mwenzangu alisema kwamba kifua humwambia mtu kila kitu. Nitamweleza kilichonipata katika masika ya mwaka wa pili wa daftari langu. Kwa siku nne nilikuwa mchovu, nikadhani ni mvua na baridi yake, pamoja na kazi ya kupalilia niliyokuwa nimeifanya. Sikukohoa kuliko kawaida, na kifua hakikulia filimbi. Namba za asubuhi zilisomeka 310, 285, 250, kisha 230. Jioni zilipanda kidogo, na ndiyo sababu mchana nilijiona mzima. Kushuka kwa alfajiri ni tabia inayojulikana ya pumu: mirija hubana zaidi usiku wa manane kuelekea asubuhi, kisha hufunguka jua likipanda, na mgonjwa akifika kliniki saa nne hupimwa akiwa katika saa yake nzuri. Siku ile ya 230, ambayo ni kama asilimia 64 ya namba yangu, nilichukua daftari badala ya kuchukua maelezo, nikaliweka mbele ya tabibu. Alilitazama kwa muda usiofika dakika moja, akanipa dawa, na sikulazwa. Miaka iliyotangulia, uchovu wa namna ile ulikuwa ukiishia kwenye gesi ya oksijeni.

Wapo wagonjwa ambao kwa maumbile yao hawahisi kubanwa hadi mirija iwe imefunga sana, na wazee tumo humo kwa wingi. Wapo pia wanaohisi kubanwa kwa sababu ya wasiwasi ilhali mirija yao iko wazi, wakavuta dawa ya kufungua kifua mara kumi kwa siku bila haja. Kifaa hiki huwafaa wote wawili, na pengine huyu wa pili humfaa zaidi.

Kuna hesabu nyingine ndogo ambayo ningependa vijana wetu wa kliniki waifanye mara kwa mara. Chukua namba ya juu na ya chini ya siku moja, tafuta tofauti yake, igawe kwa wastani wa hizo mbili. Nikipuliza 290 asubuhi na 350 jioni, tofauti ni 60, wastani ni 320, na jibu ni karibu asilimia 19. Mwongozo wa kimataifa wa pumu unasema kwamba mtu mzima ambaye hesabu hiyo, ikichukuliwa kwa wiki moja au mbili, inazidi asilimia 10 kwa wastani, mirija yake inayumba kupita kiasi. Mapafu yenye afya hayayumbi hivyo. Kwa hiyo kifaa hiki huweza kusaidia hata kuutambua ugonjwa pale ambapo hakuna mashine nyingine, si kuufuatilia tu.

Hilo la kuyumba ndilo lililomwokoa mtoto wa kaka yangu, na hapa naomba univumilie, Mhariri, kwa maana nina mengi ya kusema.

Kijana huyu ni seremala. Kwa miaka miwili alikuwa akikohoa usiku, akapimwa kifua kikuu mara mbili na kukutwa hana, akatibiwa nimonia ambayo picha haikuionyesha, na mwishowe akaambiwa katika zahanati moja kwamba ana "kifua cha ukoo" na ajizoeze kukaa nacho. Alinijia akisema, "Shangazi, mbona Jumapili sikohoi?" Swali hilo lilikuwa na thamani kuliko vipimo vyote alivyokwisha kulipia. Nilimnunulia kipimapumzi chake mwenyewe, kwa kuwa vifaa viwili tofauti huweza kusoma tofauti; hata Ulaya walibadilisha mpangilio wa namba zake mwaka 2004, na vifaa vya zamani havilingani na vipya. Nikampa karatasi ya grafu, nikamtaka apime mara nne kwa siku kwa wiki nne: akiamka, saa sita, akitoka karakana, na kabla ya kulala. Alilalamika kwamba mafundi wenzake watamcheka. Walimcheka.

Grafu ilipokamilika haikuhitaji maelezo. Jumapili jioni alikuwa 480. Jumatatu akashuka kidogo, Jumanne zaidi, na ilipofika Alhamisi alikuwa 350, kisha mwisho wa wiki akapanda tena. Wiki ya tatu aliugua mama mkwe wake, akasafiri kwenda Korogwe kwa siku tano, na mstari ukabaki juu siku zote tano kama uwanja wa mpira. Aliporudi karakana ukaporomoka. Kisha tulipotazama kwa makini zaidi tukaona kwamba wiki ya kwanza alikuwa akitengeneza vitanda vya mbao laini na hakushuka sana, ila wiki ya pili alikuwa akipiga msasa milango ya mvule. Vumbi la mvule linafahamika kwa wataalamu wa magonjwa ya kazini kuwa miongoni mwa yale yanayosababisha pumu. Daktari aliyeiona grafu ile aliithibitisha kwa vipimo vyake, na leo kijana anafanya kazi nje chini ya mti, msasa ameuacha kwa mwingine, na mvule hagusi. Alipoteza baadhi ya wateja. Sitasema kwamba hesabu ilimpa riziki, ila ilimpa jina la kinachomuumiza, na wiki nne za kupuliza zilifanya ambacho miaka miwili ya dawa za kikohozi haikufanya.

Watu wa Tanga tungepaswa kulijua jambo hili kabla ya wengine. Wazee wetu walifanya kazi katika viwanda vya mkonge, wakasugua nyuzi katika mashine za brashi huku vumbi likitanda kama ukungu wa Usambara. Mwaka 1978 jarida la Uingereza la tiba ya viwandani lilichapisha utafiti uliopima upulizaji wa wafanyakazi wa mkonge wa Tanzania, na waliokuwa kwenye brashi walionekana kuathirika kuliko waliokuwa kwenye kusokota. Ni karibu nusu karne. Nimezungumza na wastaafu kadhaa wa kazi hiyo katika kata yangu, na hakuna hata mmoja kati yao anayekumbuka kuwahi kupulizishwa kifaa chochote kazini, ingawa wote wanakumbuka Jumatatu zao, siku ambayo kifua kilikuwa kikibana zaidi baada ya mapumziko.

Ni haki sasa niseme kile ambacho kipimapumzi hakiwezi. Hakifai kuwa hakimu wa peke yake katika ule ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa unaowapata wavuta sigara na, kwetu sisi, akina mama waliopika kwa kuni na mkaa jikoni pasipo dirisha kwa miaka 40. Mgonjwa wa aina hiyo huweza kupata mshindo wa mwanzo usio mbaya sana, kisha hewa iliyobaki ikatoka kwa kujikokota. Wala hakifai kwa aliyetibiwa kifua kikuu akapona vijidudu lakini akabaki na mapafu yenye makovu, kundi ambalo ni kubwa hapa nchini na ambalo mara nyingi tunalisahau siku ile ile linapomaliza vidonge. Hao wanahitaji spirometa, mashine inayopima ujazo wote wa hewa mtu anayoweza kuitoa na kiasi kinachotoka katika sekunde ya kwanza. Mtu mzima mwenye afya hutoa zaidi ya asilimia 70 ya pumzi hiyo yote ndani ya sekunde moja. Akibaki chini ya hapo hata baada ya kuvuta dawa ya kufungua mirija, ugonjwa huo sugu hushukiwa sana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 uliua watu milioni 3.23 ulimwenguni, na kwamba takribani asilimia 90 ya vifo vya walio chini ya miaka 70 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umeweka lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, nami nauunga mkono. Lakini majiko mapya hayatuambii mapafu ya waliokwisha kupuliza moto yako katika hali gani.

Nilipimwa kwa spirometa mara moja, katika hospitali ambayo sitaitaja, na niliona jambo lililonishughulisha kwa muda mrefu. Kabla sijapuliza, fundi aliandika umri wangu, urefu wangu na jinsia yangu, kisha mashine ikamtaka achague rangi yangu. Nilimwuliza ina faida gani. Alisema ndivyo mashine ilivyopangwa. Baadaye nilisoma na kujua kwamba kwa miongo mingi mashine hizi zilikuwa zikikata kiasi cha asilimia 10 hadi 15 kutoka kwenye matarajio ya mtu mweusi, kwa maana kwamba mapafu yake yalihesabiwa kuwa madogo kwa asili. Mashine ilibuniwa London na daktari John Hutchinson, aliyechapisha vipimo vya watu zaidi ya 2,000 mwaka 1846. Haukupita muda mrefu kabla daktari mmoja wa kusini mwa Marekani, Samuel Cartwright, mtetezi wa utumwa, hajaitumia kudai kwamba mapafu ya watumwa ni dhaifu na kwamba kazi ya shamba inawafaa kiafya. Umaskini, lishe na moshi havikuingia katika hesabu zake. Milinganyo ya kukadiria pumzi inayotarajiwa, iliyotolewa mwaka 2012 kwa ajili ya watu wa miaka 3 hadi 95, bado iliwagawa watu kwa makundi, na kundi la weusi lilitokana na vipimo vya Wamarekani. Mwaka 2022 ilitolewa milinganyo mipya isiyouliza rangi, na mwaka 2023 chama cha wataalamu wa mapafu cha Marekani kikapendekeza itumike. Ninaomba wenye mashine za zamani nchini wakague zimewekwa vipi, kwa sababu ukishusha kinachotarajiwa kwa mtu, basi mgonjwa huweza kuonekana mzima, na fundi wa mkonge au wa saruji akarudishwa vumbini na karatasi mkononi.

Kipimapumzi hakina tatizo hilo, kwa kuwa namba yangu bora ni yangu mwenyewe.

Msomaji mwenzangu aliandika pia kwamba mtu anaweza kujipima kwa kuzuia pumzi. Dhana hiyo ilienea sana mwaka 2020, pale simu zetu zilipojaa ujumbe uliodai kwamba anayeweza kubana pumzi kwa sekunde 10 bila kukohoa mapafu yake ni salama na hana korona. Shirika la Afya Duniani lililikanusha wazi. Kubana pumzi hakupimi upana wa mirija. Akitaka kipimo cha bure kinachokaribia ukweli, amwendee tabibu mwenye saa, avute pumzi hadi mwisho, kisha aitoe yote kwa nguvu mdomo ukiwa wazi huku tabibu akisikiliza kooni kwa chombo chake. Mapafu yaliyo wazi humaliza kazi hiyo kabla ya sekunde 6. Sauti ya hewa ikiendelea kusikika baada ya hapo, kuna kitu kinachoizuia, na mgonjwa apelekwe kwenye spirometa.

Nikirudi kwenye anasa: mgonjwa wa sukari huhitaji kununua vipande vipya vya kupimia maisha yake yote, na hakuna anayesema kwamba kumpima ni anasa. Kipimapumzi hununuliwa mara moja, huoshwa kwa maji na sabuni, na hudumu kwa miaka. Shirika la Afya Duniani limekiorodhesha miongoni mwa vifaa vya lazima katika huduma za ngazi ya msingi kwa magonjwa yasiyoambukiza, kikiwa sambamba na mashine ya presha na mizani. Pumu iliua watu wapatao 455,000 duniani mwaka 2019, wengi wao katika nchi maskini, na dawa za kuzuia vifo hivyo zimekuwepo kwa miongo kadhaa. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuona mapema kwamba namba inashuka.

Katika zahanati moja iliyo jirani nami kifaa hiki kipo. Kililetwa kama msaada, kimo katika kabati la kioo, na hakijatumika kwa muda mrefu kwa sababu vile vimirija vya karatasi vya kuwekea mdomo vilikwisha. Wahudumu wana haki ya kukataa kukitumia bila hivyo, kwa kuwa kifaa cha wengi kinachopita mdomo hadi mdomo kinaweza kubeba maradhi, na katika eneo lenye kifua kikuu tahadhari ni wajibu: kila mgonjwa na kimirija chake, chenye vali ya kuzuia pumzi isirudi ikiwezekana, na upulizaji ufanyike nje au dirishani penye upepo. Vimirija hivyo ni vya karatasi ngumu, vya kutupwa. Mwaka jana nilimwuliza mhusika mara mbili kwa mdomo, na mara ya tatu kwa barua, kama vinaweza kuingizwa katika oda ijayo ya vifaa. Alinijibu kwa upole kwamba hakuna mgonjwa aliyewahi kuviulizia. Nilimkumbusha kwamba mimi ni mgonjwa, na kwamba nilikuwa nikiviulizia.

Naomba kwa kupitia gazeti lako halmashauri za wilaya ziangalie makabati yao kabla ya kufunga orodha za manunuzi ya mwaka huu. Mwalimu mwenzangu yeyote au mzazi anayetaka kuona jinsi ninavyopanga daftari langu anaweza kuniandikia kupitia kwako. Ni mistari minne tu, tarehe, asubuhi, jioni, na mahali pa kuandika kilichotokea siku hiyo. Leo asubuhi nimepuliza 335, na mahali pa maelezo nimeandika "jirani anachoma takataka."

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga.